Karatasi ya Mholanzi

Nilikuwa nimefika mahali pa kusema hakuna kitu duniani kitakachonishangaza. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, mbele ya watu, tena zaidi ya mara moja. Mtu aliyeacha shule darasa la tano, akaosha malori Mlolongo, akawa tanboi, msaidizi wa dereva, akajifundisha usukani wa trela bila kulipia hata siku moja ya shule ya udereva, akavuka mpaka wa Malaba na mizigo ya watu miaka kumi na moja bila kupoteza gunia, mtu huyo utamshangaza na nini? Leo nina malori manne yenye jina langu ubavuni, na nyumba ya kupangisha yenye vyumba kumi na sita. Sikusaidiwa na mtu. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba mimi si mtu wa kulialia. Kwa sababu jambo hili ninaloliandika hapa sijamwambia hata mke wangu.

Ilikuwa ile miaka ambayo maajenti wa Saudia walikuwa wamejaa kila jengo la Nairobi. Akina dada walikuwa wanaondoka kwa makundi kwenda kufanya kazi za nyumba, na wanaume kuendesha magari na kulinda milango. Kwenye mahojiano niliulizwa kama najua Kiarabu. Nikasema najua. Nilikuwa najua maneno manne. Baada ya mwaka mmoja Jeddah nilikuwa nayo labda mia mbili, ya barabarani, ya petroli, ya gereji, ya kubishana na trafiki. Yalla, halas, mafi mushkila: twende, imekwisha, hakuna shida. Kusoma sikujua hata herufi moja, lakini nilikuwa nakiongea kwa sauti kubwa, na mtu anayeongea kwa sauti kubwa haulizwi maswali mengi.

Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini viza, alikuwa na meli tatu zilizochoka, zinazobeba saruji na unga wa ngano kwenda bandari za ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Yeye mwenyewe alikaa Riyadh, ofisi kubwa ya vioo pale Olaya. Jeddah kulikuwa na ofisi ndogo karibu na bandari, na huko ndiko nilikopewa kazi ya kumwendesha Mholanzi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, masikio yamechomwa na jua, miaka hamsini na sita. Maisha yake yote alikuwa afisa wa meli za mizigo. Kampuni ilikuwa imemweka nchi kavu kwa muda asimamie upakiaji, ikamwahidi kwamba nafasi ya unahodha ikitokea katika meli yoyote kati ya zile tatu, ni yake.

Siku ya kwanza nilimfungulia mlango nikasema, "Karibu, kapteni."

"Mimi si kapteni. Ni afisa wa kwanza."

"Tofauti ni nini?"

"Afisa wa kwanza anafanya kazi. Kapteni anatia sahihi." Akaingia, akafunga mkanda. Tulipofika kwenye taa za barabarani ndipo akamalizia, "Na meli inakuwa yake."

Niliendelea kumwita kapteni, naye aliendelea kunirekebisha, kila asubuhi, bila kuchoka na bila kukasirika. "Si kapteni. Bado."

Alikuwa na sheria moja aliyoitoa baharini. Melini, alisema, mkubwa akitoa amri, mtu wa usukani lazima airudie kwa sauti kabla ya kuifuata, ili kila mmoja ajue kwamba mwenzake amesikia kilichosemwa, si alichodhani kimesemwa. Basi na mimi nikawa narudia. Akisema, "Kushoto kwenye mnara," nasema, "Kushoto kwenye mnara." Akisema, "Simama hapa dakika kumi," nasema, "Simama hapa dakika kumi." Mwanzoni niliona ni mchezo wa kizungu. Mimi nimeendesha trela miaka kumi na moja, nirudie maneno kama kasuku? Lakini nilianza kuipenda. Hakuna aliyewahi kuuchukulia usukani wangu kama kazi kubwa kiasi hicho.

Mara moja kwa mwezi tulikuwa tunaenda Riyadh kupeleka hesabu za mizigo. Ni safari ya kutwa nzima, Taif mlimani halafu jangwa mpaka uchoke. Njiani alikuwa anaandika kwenye daftari lake saa tuliyopita kila mji na upepo unatoka wapi, halafu ananiambia maisha yake. Baba yake alikuwa mtu wa tishali, anabeba mchanga mtoni huko kwao. Yeye akataka maji makubwa. Alipanda meli ana miaka kumi na saba, akisugua kutu. Akasoma, akawa afisa wa tatu kwenye meli ya ndizi, akawa wa pili, na akiwa na miaka thelathini na nne akawa wa kwanza. Cheti cha unahodha alikuwa nacho tayari, alikipata mapema, amekihifadhi ndani ya plastiki. Kilichokosekana ni meli.

"Mara ya kwanza," aliniambia, "waliniambia nitaichukua Jumatatu. Ijumaa wakaiuza ikakatwe vyuma."

"Na mara ya pili?"

"Mwenye meli alikuwa na mpwa."

Nilicheka sana. Nikamwambia, "Basi wewe ni kama watu wa kwetu. Kwetu kila kazi ina mpwa wake."

Naye akacheka, akasema kwamba baada ya hapo kampuni za kwao ziliuza meli, bendera zikabadilishwa, maafisa wa bei nafuu wakaletwa, na kila alikoomba kazi walimwanzisha tena kama afisa wa kwanza. Miaka ishirini na miwili kwenye ngazi moja. Hakuwa analalamika. Aliyataja tu kama mtu anavyotaja vituo alivyopita.

Halafu Olaya wakapiga simu. Nahodha wa ile meli ndogo kuliko zote alikuwa anarudi kwao kwa ugonjwa wa moyo. Meli ingekuwa ya Mholanzi baada ya wiki sita. Sharti lilikuwa moja: cheti chake kilikuwa kinakaribia kumaliza muda, kwa hiyo aende kwao wiki tatu, apimwe afya, ahudhurie mafunzo, akifanye upya, arudi.

Siku hiyo aliniambia nimpeleke bandarini. Alisimama gatini akaitazama.

"Ni ile?" nikamuuliza. "Ile yenye kutu?"

"Ile yenye kutu." Na alicheka mpaka macho yakatoa machozi, mzee mzima. "Mama kutu wangu."

Karani wetu wa makaratasi, Mmisri, alikuwa ameenda kwao kumzika mama yake. Hapo ndipo nilipojitia. Hakuna aliyenituma. Nilisema, "Kapteni, niachie mimi. Riyadh naijua, Kiarabu nakijua, nitaleta hiyo viza kabla chai haijapoa." Alinitazama kidogo, akakubali. Alinipa pasipoti na ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, na riyali mia mbili za ada.

"Sikiliza," alisema. "Viza ya kutoka na kurudi."

"Viza ya kutoka na kurudi."

"Kurudi."

"Kurudi," nikasema. Niliirudia sawasawa. Hilo huwa linanirudia nikiwa nakunywa chai, nikiwa kanisani, popote.

Pale Olaya, katibu wa kafili alinipa fomu tupu iliyokwisha gongwa muhuri wa kampuni, akaniambia wataijaza huko nje. Nililala Shumaisi kwa vijana wa kwetu, chumba kimoja watu sita, na niliwatambia sana. Niliwaambia siku hizi nashika pasipoti za wazungu mkononi. Mmoja akasema, "Buda, wewe ukirudi home utakuwa balozi." Nikasema, "Ngoja tu utaona."

Asubuhi nikaenda ofisi ya pasipoti. Nje kulikuwa na vibanda vya watu wanaowajazia fomu wasiojua kuandika. Nikakaa mbele ya mzee mmoja wa Kiyemeni, miwani imefungwa kwa uzi. Akachukua fomu, akaniuliza, "Huruji nihai, walla huruji wa auda?"

Sasa hapa nitulie, nieleze vile ilivyokuwa kichwani mwangu. Sisi Wakenya viza zile tulizijua kwa Kizungu. Kuna "final eksiti," unaenda na hurudi, na kuna "eksiti ri-entri," unaenda likizo na unarudi. Kwa Kiarabu sikuwa nimewahi kuzisikia, kwa sababu sikuwa nimewahi kwenda likizo. Huruji nilijua ni kutoka, madereva wanaitaja kwenye kila barabara kuu. Yaliyobaki nikayasikia kwa masikio ya kwetu. Auda nikasikia oda. Oda ni amri, kama ile ya mahakama, na niliwajua watu wawili waliorudishwa Kenya kwa oda. Nikasema moyoni, hiyo Mungu apishe mbali. Na nihai? Nihai ni hai! Viza iko hai, ikama iko hai, mtu anaenda na kazi yake inabaki hai. Ilinifurahisha hata, kwamba Kiarabu na Kiswahili ni ndugu kiasi hicho.

"Nihai," nikasema.

Mzee alinitazama juu ya miwani. "Nihai?"

"Aiwa, nihai. Nihai kabisa."

Akaandika. Aliniuliza mara mbili, yule mzee. Sitamwekea lawama yoyote. Ningeweza kumwambia kwa maneno yangu mabovu kwamba mtu huyu anataka kurudi. Lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni, na mimi nilikuwa mtu anayejua Kiarabu.

Dirishani nikatoa zile mia mbili. Askari akazisukuma zirudi. "Mafi fulus." Hakuna malipo. Hata hapo sikushtuka. Nilidhani muhuri wa kafili wangu una uzito. Nikanunua kuku na wali kwa watu watatu, na viatu.

Nilirudi Jeddah Alhamisi usiku. Ijumaa mchana nilikuwa chumbani kwetu Kandara, mtaa wa huko huko Jeddah. Nilikuwa nakaa na mlinzi wa duka la vyombo, mtu wa Malindi, aliyesoma madrasa tangu utotoni na anasoma Kiarabu kama unavyosoma gazeti. Alikuwa ametoka msikitini, anakula. Nikamtupia ile pasipoti na karatasi yake mezani ili aone kazi ya mwanamume.

Alisoma akitafuna. Akaacha kutafuna.

"Bwana wee, huyu mzungu wako kafukuzwa?"

"Afukuzwe na nani? Anaenda likizo, akirudi ni nahodha."

"Likizo?" Akageuza karatasi kana kwamba nyuma kuna maneno mengine. "Hii ni final. Hapa imeandikwa nihai."

"Si ndiyo. Ni hai. Kila kitu kiko hai."

Akaanza kucheka, cheko la kuegemea ukuta. "Ni hai? Ni hai! Ewe mtu wa bara, hii imekufa! Nihai ni mwisho. Tena mwisho wa mwisho. Kurudi ni auda. Hicho Kiarabu chako cha petroli ndicho kilichokupeleka huko?" Alipouona uso wangu akaacha kucheka. Akanawa mikono. "Haya, si kitu. Hajaondoka bado. Mwambie leo. Ahirisha safari siku nne, tano, kafili aifute huko huko Riyadh. Inafutika, ndugu yangu, madamu mtu yuko ndani ya nchi. Akishatoka, halas."

Ilikuwa saa nane mchana. Ndege yake ilikuwa Jumamosi jioni.

Nataka niandike hapa sababu zangu za kutomwambia, maana nimekuwa nazo miaka yote hii na nimezing'arisha vizuri. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Niliogopa kafili angenipa mimi hiyo nihai. Nilijiambia kwamba kampuni inayomhitaji mtu haishindwi kumrudisha, watampelekea viza nyingine, itakuwa ni kuchelewa wiki moja tu. Zote ni za kweli kidogo. Lakini nikiwa mkweli kabisa, sikuogopa kafili. Niliogopa uso wa Mholanzi akijua kwamba dereva wake, aliyemwamini, hakijui Kiarabu.

Jumamosi nikampeleka uwanja wa ndege. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jipya. Nilipomfungulia mlango nilisema, "Safari njema, kapteni," kwa mazoea tu.

Akafungua mdomo anirekebishe, halafu akaufunga. Akanipa mkono. "Wiki tatu," alisema.

"Wiki tatu," nikarudia.

Nilikuwa bado kwenye maegesho simu ilipolia. "Askari anachukua ikama yangu," alisema. "Anasema hairudishwi. Kuna shida?"

Alikuwa bado ndani ya nchi. Ni ukuta na dirisha moja tu kati yetu. Ningesema, "Toka, usipite hapo," na angetoka.

"Ni kawaida, kapteni," nikasema. "Utapewa mpya ukirudi."

"Una hakika?"

"Mia kwa mia."

Kilichofuata kilienda haraka. Wiki ya tatu alipiga simu, viza yake haipo kwenye mitambo, ubalozi unamwambia hana kazi Saudia. Siku hiyo hiyo meneja wa Olaya akanipigia, anafoka. "Kwa nini Mholanzi ametoka nihai? Nani alimwambia ajaze nihai?"

Na mimi nikasema, "Yeye mwenyewe, bosi. Aliniambia nihai."

Neno lilitoka laini, kana kwamba lilikuwa limekaa mdomoni likisubiri.

Jioni Mholanzi alipiga tena. Nikamwambia, kwa sauti ya chini ya mtu anayekupa siri, kwamba labda Olaya walikuwa wanataka kumwondoa, kwamba fomu nilipewa ikiwa na muhuri na sikuona kilichoandikwa. Aliniamini. Aliwaandikia barua kali. Wao waliamini amewatoroka kwa kazi nzuri zaidi na sasa anatafuta visingizio. Watu ambao wangesameheana kwa dakika mbili walitukanana kwa mwezi mzima, na katikati yao nilikuwa nimesimama mimi. Mara ya nne alipopiga sikushika simu.

Meli ilipewa mtu mwingine, kijana, alikuwa afisa wa pili. Niliiona ikitoka bandarini saa nne asubuhi, imebeba saruji. Nilikuwa nimeegesha pale pale Mholanzi aliposimama akiitazama. Nilizima injini nikakaa. Sikulia. Mimi huwa silii. Ila sikuweza kuwasha gari kwa muda.

Kafili alipenda vile nilivyokuwa "mkweli" katika ile kesi. Alinihamishia Riyadh, nikawa namwendesha yeye mwenyewe, mshahara ukapanda. Lori langu la kwanza nililinunua kwa mshahara huo. Niliposema sikusaidiwa na mtu, nilisema vile ninavyowaambia watu.

Miezi minne baadaye nilikuja Jeddah kuchukua vitu vyangu. Kandara kulikuwa na vile vibanda vya kupigia simu za nje, unafunga mlango wa kioo na mashine inahesabu ukutani. Niliingia kimoja alasiri, kwa sababu kwa simu yangu asingeshika. Akashika.

"Ni mimi. Dereva."

"Unataka nini?"

Nikamwambia. Kizungu changu kilivunjika njiani mara nyingi. Lile jambo la nihai nililieleza mara tatu, kwamba kwa lugha yetu ni neno la uhai, kwamba nilidhani ni zuri. Mara ya tatu akaelewa, akatoa sauti fulani, si kicheko na si kitu kingine.

"Ulijua lini?"

"Ijumaa. Saa nane mchana."

"Mimi niliondoka Jumamosi."

"Ndiyo."

"Jumamosi jioni."

"Ndiyo."

Nilisikia vyombo vikioshwa upande wa pili, na mwanamke akauliza kitu kwa lugha yao, naye akamjibu neno moja. Nikamuuliza kama alipata kile cheti.

"Nilikipata. Kinafaa miaka mitano."

"Umepata meli?"

"Nina miaka hamsini na saba," alisema.

Mashine inahesabu.

"Riyadh umewaambia?" akauliza. "Kwamba si mimi niliyetaka kuondoka?"

"Bado."

"Utawaambia?"

Hicho tu ndicho alichokitaka. Hakutaka pole, hakutaka fidia. Alitaka mahali fulani, kwenye faili fulani pale Olaya, paandikwe kwamba hakuikimbia meli yake.

"Nitawaambia," nikasema.

"Vizuri," akasema, na akakata.

Nilifanya kazi kwa kafili yule miaka mitatu na nusu baada ya hapo. Nilimwendesha peke yangu, yeye nyuma na mimi mbele, siku sita kwa wiki, na hakuna siku niliyofungua mdomo.

Nilipotoka kwenye kibanda siku ile, mwenye duka, Mbangladeshi, alisoma mashine akaniandikia kwenye kipande cha karatasi, maana alidhani sisikii vizuri. Dakika kumi na nne. Nikalipa, nikaenda zangu. Hiyo ndiyo gharama yote niliyowahi kulipa mimi kwa jambo hili: riyali ishirini na moja na halala hamsini.